Sifuri Kwenye Kabrasha

Uwe jikoni unachochea mkaa, uwe kwenye foleni ya Barabara ya Kilwa, uwe gengeni unapanga mafungu ya nyanya, leo naomba tukae kidogo na hesabu. Usizime redio. Ni hesabu ya namba moja tu, ile ambayo mwalimu wa darasa la kwanza huichora ubaoni kama yai. Sifuri.

Nianzie kituoni. Siku moja niliamkia Mbande, kule mbele ya Chamazi, saa kumi na nusu alfajiri. Taa za vibanda vya chipsi zimeshazimwa, za chapati ndiyo kwanza zinawashwa. Pembeni ya daladala iliyokuwa bado haijajaa alisimama dada mmoja, mgongoni amebeba mtoto. Si mtoto wa kubebwa. Miguu yake ilining'inia ikagusa magoti ya mama yake. Ana miaka tisa, aliniambia baadaye, na ana mtindio wa ubongo. Mama alikuwa amemfunga kwa khanga mbili, moja kiunoni na nyingine mabegani, kwa sababu moja haimudu tena. Mkononi alishika begi la shule, chupa ya uji na mfuko wa nguo za kubadilisha.

Nikamuuliza kwa nini mapema hivi. Akasema, "Kaka yangu, gari ikishajaa konda hanichukui. Anasema sisi tunakaa nafasi ya watu wawili."

Wakati tunaongea, mtoto alikuwa anaangalia barabara. Kila daladala ilipokata kona na kuingia kwenye mwanga wa kituo, alitaja inakokwenda kabla konda hajafungua mdomo. Maneno yake yalitoka taratibu, yanavutika, lakini hakukosea hata mara moja. Anazijua kwa mstari wa rangi uliochorwa ubavuni.

Nikamuuliza mama kama hakuna shule karibu na kwao. "Ipo," akasema. "Kengele yake naisikia nikiwa kitandani." Alikwenda kumwandikisha pale, akaambiwa kwa upole kabisa kwamba hawana mwalimu wa watoto wa namba hiyo, ajaribu shule yenye kitengo cha elimu maalum. Ndiyo hiyo safari yake ya kila siku, magari mawili kwenda na mawili kurudi. Na kwa kuwa hawezi kumwacha mtoto shuleni na kurudi Mbande kisha kumfuata tena, hukaa nje ya uzio wa shule mpaka saa ya kutoka. Kazi yake ya kuuza vitumbua ilikufa hapo.

Swali langu la mwisho lilikuwa hili: je, diwani wako anajua? Akacheka mpaka mtoto mgongoni akatikisika. "Diwani wetu," akasema, "anajua barabara."

Msikilizaji, sikumwelewa vizuri siku ile. Nimekuja kumwelewa ndani ya ukumbi wa mikutano.

Kwa kazi yetu hii ya utangazaji tunaingia sana kwenye mabaraza ya madiwani. Ukumbi una viyoyozi, maji ya chupa yamepangwa mezani, na kila mheshimiwa ana kabrasha lake, nene kama mofa. Kwa kawaida siku ya kwanza ya mkutano wa robo mwaka ni ya taarifa za kata. Diwani anasimama, anamsalimu Mstahiki Meya, anasoma: kata yangu ina shule za msingi kadhaa, wanafunzi wavulana idadi hii, wasichana idadi hii, madawati yaliyopo, madawati pungufu, matundu ya vyoo yaliyopo, matundu pungufu. Likitajwa pungufu la vyoo ukumbi unachangamka. Mmoja anasimama na hoja, mwingine anaomba mwongozo, mkuu wa idara anaitwa ajibu. Huo ndio usimamizi, na unafanya kazi. Shule nyingi za manispaa za Temeke na Kinondoni, hapa Dar es Salaam, zimepata vyoo kwa sababu diwani fulani alikataa kukaa chini.

Kisha, chini ya ukurasa, kuna mstari mmoja: wanafunzi wenye mahitaji maalum. Mbele yake, kwa shule moja, mbili, tatu, imeandikwa sifuri. Diwani anaisoma, au anairuka, na mkutano unaendelea. Madawati pungufu yana mjadala. Sifuri haina. Anayesikia sifuri anaelewa kwamba hapa hakuna tatizo.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Tunaitumia methali hii kumsuta mtu aliyekosa kikao. Ndani ya ukumbi ule imekuwa utaratibu wa kazi: mtoto hayupo kwenye orodha, basi na hitaji lake halipo kwenye bajeti.

Tuipime hiyo sifuri kidogo. Sensa ya mwaka 2022 iliikuta Temeke ikiwa na watu 1,346,674, na Kinondoni watu 982,328. Sensa hiyohiyo ilitwambia kwamba, kwa nchi nzima, watu wenye ulemavu ni asilimia 11.2 ya wote wenye umri wa miaka 7 na kuendelea. Najua utanikatiza: humo wamo wazee wetu ambao macho na magoti yamechoka. Ni kweli, na kwa watoto kiwango ni kidogo zaidi. Lakini upande wa shule za msingi, wanafunzi wenye ulemavu walioandikishwa nchini hawafiki hata asilimia moja ya wanafunzi wote. Punguza wazee wote unaotaka, bado hesabu haifungi. Na katika shule za Mbagala ambazo wanafunzi wake wanahesabiwa kwa maelfu, kuandika sifuri ni kusema kwamba katika maelfu hayo hakuna mtoto asiyesikia vizuri, hakuna asiyeona ubao, hakuna ambaye herufi zinamchezea. Hiyo si takwimu. Ni ukurasa ambao haukujazwa.

Kwa hiyo sifuri zetu ni za aina mbili. Ya kwanza ni ya mtoto wa Mbande: shule ya jirani ilimwelekeza kwingine, kwa hiyo kwenye daftari lake hayumo. Au ni ya yule ambaye hakupelekwa kokote, yuko chumba cha uani, majirani wanamjua kwa sauti tu. Ya pili ni ya mtoto aliyemo darasani lakini hajatambuliwa. Mwalimu mmoja wa upande wa Tegeta alinisimulia habari za mwanafunzi aliyekuwa akinakili kila kitu kombo, akachapwa, akaitwa mzembe, akarudishwa nyuma ya darasa na wazembe wenzake. Huko nyuma ubao ndio ukapotea kabisa. Siku mwalimu alipomwita mbele kumkemea, mtoto akiwa hatua mbili kutoka ubaoni, akasoma sentensi nzima bila kukwama. Uoni hafifu. Alikuwa amekaa miaka mitatu katika shule iliyoandika sifuri.

Hapa inabidi turudi nyuma kidogo, maana shule zinazowapokea watoto hawa hazikukaa zilipo kwa bahati mbaya. Elimu rasmi ya watoto wenye ulemavu nchini kwetu ilianza mwaka 1950, pale Kanisa la Anglikana lilipofungua shule ya wasioona Buigiri, mkoani Dodoma. Mwaka 1963 Wakatoliki wakaanzisha ya viziwi Tabora. Hapa Dar es Salaam, Jeshi la Wokovu likaanzisha Matumaini, upande wa Temeke, kwa watoto wenye ulemavu wa viungo. Serikali ikaja na yake. Uhuru Mchanganyiko pale Kariakoo ikawachanganya wasioona na wanaoona. Ipo pia Buguruni Viziwi, inayojulikana jiji zima. Ipo Mtoni Maalum, ipo Sinza Maalum. Tunawashukuru walioanzisha. Lakini tazama ramani ya jiji: za hapa zote ziko karibu na katikati, kwa sababu zilipoanza, huko ndiko mji ulikokuwa.

Mji ukahama. Umekwenda Chamazi, Mbande, Kijichi, Toangoma. Umekwenda Tegeta, Boko, Bunju na Mabwepande, ambako waathirika wa mafuriko ya Desemba 2011 walipewa viwanja. Watu wamejenga huko kwa sababu kiwanja kilikuwa cha bei nafuu, na mwenye mtoto mwenye ulemavu, ambaye kipato chake kimeliwa na hospitali, ndiye wa kwanza kusukumwa pembezoni. Mtoto amesogea mbali, kitengo kimebaki mjini.

Mipaka nayo ikasogea. Kinondoni na Temeke zimekuwa manispaa tangu mwaka 2000. Kisha Ubungo ikakatwa kutoka Kinondoni, na Kigamboni kutoka Temeke. Sinza ikaenda Ubungo, na Sinza Maalum ikaenda nayo. Kwa hiyo mzazi wa Bunju, bila kuhama nyumba, aliamka siku moja shule maalum aliyoitegemea ikiwa ya manispaa nyingine. Akilalamika kwa diwani wake, ataambiwa shule ile si yetu. Akienda Ubungo, ataulizwa yeye ni mkazi wa wapi. Wanasiasa waligawana kata na majengo kwa makini sana. Sikumbuki kusikia kikao kilichouliza watoto wa vitengo wamegawanywaje.

Sasa, msikilizaji, ni nani wa kuulizwa? Wizara ya Elimu inatunga sera na mitaala, na wathibiti ubora wa shule, wale tuliozoea kuwaita wakaguzi, ni wa kwake. Shule zenyewe zinaendeshwa na halmashauri, na halmashauri ziko chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa. Mtoto wa Mbande anapita katikati hapo kama mpira ambao beki anamwachia kipa, na kipa anamwachia beki.

Lakini sheria haikuliacha jambo hili hewani. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, inasema mtoto mwenye ulemavu atasoma shule ya kawaida, ya serikali au ya binafsi, isipokuwa pale panapohitajika mawasiliano maalum, na apate huduma saidizi kutoka kwa mwalimu mwenye sifa au aliyepangiwa kazi hiyo. Tena imezipa mamlaka za serikali za mitaa wajibu wa kulinda haki na ustawi wa watu hawa katika maeneo yao. Maana yake, ile shule ambayo mama anasikia kengele yake kitandani ni shule ya mtoto wake. Hakwenda kuomba fadhila pale.

Na halmashauri haiwezi kusema mikono yake imefungwa. Ina Kamati ya Uchumi, Afya na Elimu. Ina ofisi ya elimu yenye afisa anayeshughulikia elimu maalum. Ina Afisa Elimu Kata katika kila kata, na chini yake kamati za shule ambamo wazazi wanakaa. Haiajiri walimu yenyewe, ni kweli, lakini inajua nani amepangwa wapi ndani ya eneo lake. Mwalimu aliyesomea elimu maalum Patandi, kule Arusha, akipewa darasa la kawaida la watoto mia na hamsini katika shule iliyoandika sifuri, hakuna aliyevunja sheria. Shule haina mahitaji maalum, mwalimu wa nini? Hivyo ndivyo sifuri inavyozaa sifuri.

Kamati hufanya ziara. Umewaona: Coaster inaingia, waheshimiwa wanashuka na makoti ya kuakisi mwanga, wanapita kwenye msingi, wanagonga tofali, wanauliza nondo ni ya milimita ngapi. Kazi nzuri. Wakandarasi wanawaogopa. Ila kamati hukagua kilichojengwa, na mtoto aliyebaki chumba cha uani hana msingi wala lenta ya kukaguliwa.

Hapa ndipo ninaposikia jibu la kwanza: fedha hakuna. Hilo lina ukweli. Tangu Januari 2016 elimumsingi inatolewa bila malipo, na ruzuku ya uendeshaji imehesabiwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka. Kati ya hizo, 6,000 ndizo zinazotumwa shuleni. Gawanya kwa miezi kumi na miwili: shilingi 500. Haitoshi nauli ya safari moja ya daladala ya mtu mzima, ambayo tangu Desemba 2023 inaanzia 600. Kwa hela hiyo mwalimu mkuu anunue chaki, karatasi za mitihani, afanye ukarabati. Usimlaumu akimwona mtoto wa kiti mwendo kama mzigo asioweza kuubeba.

Jibu la pili ni la asilimia mbili. Ukimuuliza diwani kuhusu watoto wenye ulemavu, mara nyingi atakukumbusha kuwa halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani: nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu. Vizuri. Lakini ile ni mikopo. Ni ya kufungua saluni, kununua bajaji, kufuga kuku, na inarejeshwa. Mtoto wa miaka saba hakopi.

Tukubali basi kwamba fedha ni chache. Lakini kuhesabu hakuhitaji saruji. Mjumbe wa shina anajua nyumba gani ina mtoto asiyetoka nje. Mwenyekiti wa mtaa anajua. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anajua zaidi ya wote. Kuyakusanya majina hayo mpaka kata, na kutoka kata mpaka kwenye kabrasha, kunahitaji kalamu na mtu wa juu yao anayeuliza.

Majirani zetu Kenya waliliona hili mapema. Mwaka 1984, kwa msaada wa Denmark, walianzisha vituo vya kupima watoto na kushauri wasome wapi na kwa msaada gani, wakavisambaza wilayani. Nenda mbali zaidi, Uingereza. Kule England, tangu sheria ya mwaka 2014, mzazi anaweza kuitaka halmashauri imtathmini mtoto wake. Halmashauri ina wiki 6 za kujibu kama itafanya au haitafanya, na ikikubali mpaka ikatoa mpango wenye jina la mtoto, mahitaji yake na shule yake, isizidi wiki 20 tangu mzazi alipoomba. Usidhani kule ni peponi. Wazazi wanalia, wiki 20 zinapitilizwa, halmashauri zimeelemewa na madeni ya huduma hizo, watu wanafikishana kwenye mabaraza ya rufaa. Lakini wanagombana juu ya karatasi yenye jina na tarehe. Mama wa Mbande hana cha kugombania. Aliambiwa kwa mdomo, kwa upole, mlangoni, na hakuna daftari lililoandika kwamba alifika.

Na sisi tunaweza kuandika, tukitaka. Angalia Baraza la Mitihani. Mtahiniwa mwenye mahitaji maalum anajulikana mapema: wa nukta nundu ana mtihani wake, wa uoni hafifu anaandikiwa maandishi makubwa, na muda huongezwa, dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Dakika zinahesabiwa kwa uangalifu huo! Kumbe mlango wa kutokea unamjua mtoto huyu vizuri. Ni mlango wa kuingilia ndio unaomwandika sifuri.

Kwa hiyo ombi langu kwa waheshimiwa wa Temeke, Kinondoni na wenzao si kubwa. Ule mstari wa chini ya ukurasa usisomwe peke yake. Uongezewe mstari mmoja chini yake: watoto wenye mahitaji maalum wanaoishi katika kata hii ambao hawako shuleni, au wanasoma nje ya kata. Afisa Elimu Kata aujaze kila robo mwaka. Mwalimu mkuu anayemwelekeza mtoto kwingine aandike: jina, tarehe, sababu, alikoelekezwa. Na kamati inapopanda Coaster kwenda kukagua madarasa mapya, isimame mara moja njiani kwenye nyumba moja ya mtoto aliyekosa nafasi. Robo saa tu. Mjumbe aliyekanyaga sebule hiyo hatasoma tena sifuri kwa sauti ileile.

Na wewe msikilizaji, kazi yako ipo. Uandikishaji wa darasa la awali na la kwanza hufunguliwa kila Oktoba. Kama una mtoto, mpeleke shule unayosikia kengele yake, na ukikataliwa, omba waandike. Kama huna, mtaa wako una mkutano wa wakazi, na kikao cha baraza la madiwani kipo wazi, raia anaruhusiwa kuingia, kukaa nyuma na kusikiliza. Nimekaa viti hivyo vya nyuma mara nyingi, na mara nyingi nimekuwa peke yangu na waandishi wenzangu.

Yule mtoto wa Mbande, siku ile, daladala yao ilipoondoka nilimsikia dirishani bado anataja magari: Temeke, Kariakoo, Gerezani. Mtoto anayejua magari yote ya kituo na yanakokwenda, kwenye kata yake hakuna karatasi inayojua yeye anakwenda wapi.

Sasa nimemwelewa mama yake. Diwani anajua barabara kwa sababu barabara iko kwenye kabrasha, na kila robo mwaka yupo mtu anayeuliza imefika wapi. Basi robo ijayo, ukurasa ule ukifunguliwa na sifuri ikasomwa, asimame mtu mmoja tu, diwani, au mwandishi atakayemngoja mlangoni, au wewe mkazi wa kata hiyo, amuulize mwenye taarifa: mheshimiwa, hiyo sifuri umeihesabu, au umeikuta?